Mikromoli Moja: Jinsi Dennis Hansell Alivyoipima Kaboni Iliyoyeyuka Baharini

Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya wanasayansi wawili wa bahari, Dennis Hansell na Craig Carlson. Walikuwa wamepima kaboni ogania iliyoyeyuka katika maji ya kina kirefu, kuanzia kaskazini mwa Atlantiki hadi kaskazini mwa Pasifiki, wakiifuata njia ambayo maji hayo huipita polepole kwa mamia ya miaka. Mwanzo wa njia walikuta mikromoli 48 katika kila kilo ya maji. Mwisho wa njia zilikuwa zimebaki 34. Asilimia 29 ya kaboni ile ilikuwa imetoweka njiani, kwenye giza lisilofikiwa na jua.

Tofauti yote ni mikromoli 14. Anayeisoma leo haoni ajabu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara mbili zenye sifa zilizopewa maji yaleyale zingeweza kuleta majibu yaliyoachana kwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kinachonivutia katika makala ile ni namna namba 14 ilivyopata haki ya kuaminiwa kuliko namba yenyewe. Humo ndimo ilimo kazi kubwa ya Hansell, kazi ambayo haitajwi sana kwa sababu haina mnyama mpya wala kisiwa kipya cha kuonyesha.

Tuanze na kitu chenyewe. Mimea midogo ya baharini, ile tunayoiita fitoplanktoni, hutengeneza mwili wake kwa kutumia mwanga wa jua na hewa ukaa. Inapokua, inapoliwa, inapopasuliwa na virusi au kufa, sehemu ya mwili ule huyeyuka majini: sukari, protini, mafuta, na maelfu ya molekuli nyingine ambazo nyingi hazina hata jina. Bakteria hula sehemu kubwa ndani ya saa au siku chache. Kinachobaki ndicho kinachopimwa. Juu, karibu na uso wa bahari, ni kati ya mikromoli 60 na 80 kwa kilo. Chini ya mita 1,000 ni 40 hivi, sawa na nusu miligramu ya kaboni katika lita moja. Ukikoroga kijiko kimoja cha chai cha sukari ndani ya simtanki ya lita 3,000, unapata kaboni inayokaribia kiasi hicho. Na Hansell alitaka kujua iwapo kijiko kile kimepungua kwa sehemu moja kati ya arobaini.

Kwa nini kuhangaika na kiasi kidogo hivyo? Kwa sababu bahari ni kubwa. Dunia ina kilomita za ujazo bilioni 1.3 na ushei za maji ya bahari. Zidisha kwa nusu miligramu katika kila lita, utafika kwenye tani bilioni 660 na kitu za kaboni. Hesabu rasmi ambayo Hansell na wenzake walichapisha mwaka 2009 ilitoa tani bilioni 662. Ni zaidi ya mara 200 ya kaboni iliyomo katika miili ya viumbe wote walio hai baharini, na inakaribiana na kaboni iliyo angani kama hewa ukaa. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kosa la kipimo. Mashine ikikosea kwa mikromoli moja tu, na kosa hilo likasambazwa kwenye bahari nzima, umeongeza au umepunguza tani bilioni 16. Kiasi hicho kinazidi kaboni yote ambayo binadamu huitoa kwa mwaka mmoja kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi. Katika fani hii mikromoli moja haipuuzwi.

Kabla Hansell hajajulikana kwa kaboni, kazi zake za mwanzo zilihusu nitrojeni na uzalishaji wa planktoni katika Bahari ya Bering, kule Alaska. Aliingia katika uwanja wa kaboni ogania wakati uwanja huo ukiwa umevurugika vibaya, na bila kuueleza mvurugano huo huwezi kuelewa kwa nini alifanya kazi kwa namna aliyoifanya.

Mwaka 1988 wanakemia wawili wa Kijapani, Sugimura na Suzuki, walitangaza njia mpya ya kupima. Njia za zamani zilikuwa zikiivunja kaboni ogania kwa kemikali au kwa mionzi ya urujuanimno. Wao walidondoshea tone la maji ya bahari moja kwa moja kwenye tanuru la moto mkali lenye kichocheo cha platini, kila molekuli ikaungua na kuwa hewa ukaa, kisha wakapima hewa ukaa ile. Majibu yao yalikuwa makubwa kuliko ya zamani kwa mara 2 na zaidi. Maana yake ilikuwa kwamba wanasayansi wa bahari walikuwa wamekosa kuona zaidi ya nusu ya kaboni ogania iliyoyeyuka. Isitoshe, kaboni hiyo mpya ilipungua sambamba na oksijeni kadiri maji yanavyozidi kuwa ya kale, kama vile ndiyo chakula kikuu cha bakteria wa vilindini. Vitabu vingeandikwa upya.

Watu walikimbilia njia hiyo. Maabara nyingi zilinunua au kutengeneza matanuru, lakini zikashindwa kuyapata majibu yale. Julai 1991 wahusika walikutana Seattle, katika warsha iliyoandaliwa na John Hedges na Cindy Lee, na ikabainika kwamba maabara zinazopima maji ya aina moja hazikubaliani. Tatizo kubwa lilikuwa kile wanamaabara wanachokiita blanki: kaboni inayotoka ndani ya mashine yenyewe, kwenye kichocheo kipya, kwenye mipira na mabomba, hata kwenye maji safi yanayotumika kusafishia. Mashine husoma kaboni hata pale usipoweka chochote cha maana ndani yake. Usipoijua blanki yako, unaihesabu kuwa ni bahari. Mwaka 1993 Suzuki mwenyewe aliandika katika jarida la Marine Chemistry kuyaondoa matokeo yale. Namheshimu sana kwa hilo. Ni wachache wanaofuta hadharani kazi iliyowapa jina. Na haki yake nyingine isisahaulike: tanuru la moto mkali lenye platini, likisharekebishwa, ndilo lililobaki kuwa njia kuu ya kupimia hadi leo. Kilichokosewa ni hesabu ya blanki.

Hapo ndipo kazi ilipomfikia mtu wa aina ya Hansell. Miaka hiyo alikuwa Bermuda, kwenye kituo cha utafiti kinachoitazama Bahari ya Sargasso, na Carlson naye alikuwa akifanya kazi kwenye maji yaleyale. Walitulia mahali pamoja wakapima mara kwa mara, mwezi baada ya mwezi, katika eneo ambalo tangu 1988 lilikuwa na ratiba ya kudumu ya vipimo. Utulivu huo ulikuwa na maana ya kiufundi. Maji ya kina cha mita elfu kadhaa hayabadiliki kutoka mwezi hadi mwezi. Namba zako za vilindini zikianza kupanda na kushuka, bahari haijabadilika. Ni wewe na mashine yako. Kilindi cha Sargasso kikawa msimamizi wao wa ndani ya maabara.

Na walipokwisha kuiamini mashine, safu ya juu ya bahari ikaanza kuwaeleza jambo. Wakati wa majira ya kuchipua na ya joto kaboni ogania hurundikana juu, kwa sababu bakteria hawaimalizi yote. Baridi inapokuja, maji ya juu hupoa, huwa mazito, hujichanganya na ya chini na kuizamisha kaboni ile hadi mamia ya mita. Carlson na wenzake walilieleza hilo mwaka 1994, na yeye na Hansell wakaendelea kulifuatilia. Awali ilidhaniwa kwamba kaboni hushuka vilindini hasa kwa njia ya chembe zinazozama: mizoga, kinyesi cha wanyama wadogo, mabonge ya planktoni. Sasa ikaonekana kuna mlango wa pili, wa kaboni iliyoyeyuka inayoteremka pamoja na maji yenyewe. Hansell baadaye aliikadiria njia hiyo kuwa tani bilioni 1.9 kwa mwaka kwa bahari zote, kama sehemu ya tano ya kaboni ya viumbe inayoshushwa kutoka juu.

Jambo hilohilo alilipima pia upande wetu wa dunia. Mwaka 1995 meli ya utafiti ya Kimarekani Thomas G. Thompson ilifanya safari mfululizo katika Bahari ya Uarabuni, ikitia nanga Muscat. Hansell na Edward Peltzer walichambua kaboni ogania ya safari hizo na kuchapisha majibu mwaka 1998. Msomaji wa pwani atayaelewa haraka, maana kalenda yake ni ya pepo zilezile zilizoendesha majahazi kati ya Oman na Zanzibar. Kusi linapovuma kwa nguvu, maji ya chini hupanda juu kwenye pwani ya Oman. Maji hayo yana rutuba nyingi lakini kaboni ogania yake ni haba, kwa hiyo kipimo cha juu kinashuka. Kaskazi nalo huleta upepo mkavu na wa baridi kiasi kutoka bara la Asia. Maji ya juu hupoa, hujichanganya na ya chini, na kipimo kinashuka tena.  Bahari moja, misimu miwili ya upepo, na sababu mbili tofauti zinazoleta jibu linalofanana. Mtu mwenye kipimo kisicho thabiti angeona vurugu tu.

Sasa tuingie maabara, maana bila hapo uchambuzi huu haujakamilika.

Kazi inaanzia kwenye sitaha. Chombo chenye mitungi 24 au 36, kila mmoja wa lita 10 hivi, kinashushwa kwa winchi, na mitungi hufungwa mmoja mmoja kwenye kina kinachotakiwa. Kikirudi juu, mchukua sampuli anavaa glavu. Hapaki mafuta mikononi, havuti sigara jirani, na anaangalia moshi wa injini unakoelekea, kwa sababu meli nzima ni chanzo cha kaboni ogania: grisi, rangi, dizeli, jasho. Vichupa vya kioo vimechomwa kabla kwenye tanuru la nyuzi 450 hivi ili kila alama ya kaboni iungue. Vya plastiki vimelowekwa kwenye asidi. Kichupa kinasuuzwa mara 3 kwa maji yaleyale kabla ya kujazwa. Maji ya mita 250 za juu, yenye chembe nyingi, hupitishwa kwenye chujio la nyuzi za kioo ambalo nalo limechomwa. Ya chini zaidi hayachujwi, kwani kila kifaa unachoongeza ni nafasi mpya ya uchafu. Kisha sampuli inagandishwa au kutiwa asidi. Ukiigandisha hujazi kichupa hadi shingoni, la sivyo barafu itakipasua.

Nchi kavu, sampuli inatiwa asidi ya haidrokloriki hadi pH ya 2 hivi na kupulizwa kwa gesi safi. Hatua hii ni ya lazima: maji ya bahari yana kaboni isiyo ogania zaidi ya mikromoli 2,000 kwa kilo, mara 50 ya ile inayotafutwa. Asidi huigeuza kuwa hewa ukaa na gesi huifukuza. Mabaki kidogo tu yakisalia, yanaiharibu namba nzima. Baada ya hapo sindano ya mashine inavuta mikrolita 100, kiasi cha matone mawili, na kuyaangusha kwenye bomba lenye punje za kichocheo cha platini kwenye nyuzi 680 za Selsiasi. Maji yanageuka mvuke papo hapo, kaboni inaungua, hewa ukaa inapita kwenye kitambuzi cha mionzi ya infraredi, na kwenye skrini kinachoreka kilima kidogo. Eneo la kilima ndilo jibu. Tone linarudiwa mara kadhaa mpaka vilima vikubaliane. Wakati huo chumvi inazidi kujazana juu ya kichocheo, na usomaji unaanza kuteleza taratibu. Mwendeshaji asiye makini hatambui, kwani kila kilima kipya kinafanana na kilichotangulia.

Dawa ya utelezi huo ndiyo iliyokuwa mchango mkubwa wa Hansell, kwa maoni yangu. Jonathan Sharp na wenzake walikuwa wameendesha mazoezi ya kulinganisha maabara nyingi, na ripoti ya mwisho ikatoka mwaka 2002. Hitimisho lilikuwa wazi: bila maji ya rejea yanayotumiwa na wote, hakuna kukubaliana. Hansell, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Miami, akaibeba kazi hiyo. Maabara yake ikawa inatayarisha maji ya kina ya Atlantiki, yanatiwa asidi, yanajazwa kwenye vichupa vidogo vya kioo na kuzibwa kwa moto, na kupelekwa kwa maabara za nchi mbalimbali. Jibu lake linajulikana, mikromoli 41 hadi 45 kutegemea toleo. Pamoja nayo kuna maji ya pili yenye kaboni chache sana, mikromoli 1 hadi 2, ya kuipimia blanki. Mtumiaji anayaingiza kati ya sampuli zake, kila baada ya sampuli chache. Yakisomeka nje ya mipaka, anasimamisha kazi.

Kutengeneza vichupa hivyo hakumpi mtu umaarufu. Ni kazi ya kurudia, ya kuziba vioo, kupakia maboksi, kujibu barua za watu ambao mashine zao zimewagomea. Mwanasayansi mwenye njaa ya majarida angeiachia taasisi ya viwango. Hansell aliishika kwa miaka mingi, na kwa kufanya hivyo akazipa maabara zinazoshindana naye silaha ya kumsahihisha. Ndiyo maana makala zake zinaaminika.

Faida ilionekana pale Marekani ilipoanza, mwaka 2003, kurudia mistari mirefu ya vipimo kuvuka bahari zote. Maabara ya Hansell na ya Carlson, ambaye alikuwa Santa Barbara, California, ziligawana mistari. Mmoja anapima huku, mwingine kule, pwani mbili tofauti za Marekani, na majibu yanaungana kwenye ramani moja bila mshono, kwa kuwa wote walikuwa wakikaguliwa na maji yaleyale ya rejea. Kutokana na ramani hiyo ikatoka ile namba ya tani bilioni 662.

Ramani hiyohiyo ilimlazimisha Hansell kurekebisha picha yake ya 1998. Mteremko wa 48 hadi 34 ulisomeka kama kwamba kaboni huoza taratibu kila mahali maji yanapopita. Mwaka 2013, wakiwa na vipimo vingi zaidi vya Pasifiki, yeye na Carlson walionyesha kwamba sehemu kubwa ya vilindi vile haipotezi kitu. Maji yanachanganyika tu. Upotevu hutokea katika maeneo maalumu, mojawapo likiwa kaskazini ya mbali ya Pasifiki. Huwezi kusema hivyo kama kosa lako ni mikromoli 5.

Swali gumu bado liko mezani. Williams na Druffel walipima mwaka 1987 radiokaboni ya maada hii katikati ya Pasifiki na kupata umri wa miaka 6,000 hivi vilindini, mara kadhaa ya muda ambao maji hutumia kuzunguka bahari za dunia. Ina maana kuna kaboni inayozungushwa tena na tena bila kuliwa. Kwa nini? Hansell aliigawa katika makundi kwa uimara wake, kutoka ile inayoliwa kwa saa chache hadi ile anayoikadiria kudumu miaka 16,000 na zaidi. Pia alikuwa mmoja wa waandishi walioongozwa na Jiao Nianzhi mwaka 2010 kupendekeza kwamba bakteria wenyewe huigeuza kaboni laini kuwa sugu. Wengine hawakubali. Mwaka 2015 Arrieta na wenzake waliikoleza kaboni ya vilindini na bakteria wakaila na kuongezeka. Wakahoji kwamba huenda si ngumu, ila kila molekuli ni adimu mno kiasi kwamba haimlipi bakteria kuitafuta. Mimi naona makundi ya Hansell yana udhaifu mmoja: yanaainisha kaboni kwa muda inaokaa, si kwa umbo lake la kemia, na hivyo hayawezi peke yake kuamua nani kasema kweli. Hilo litaamuliwa na wanaozisoma molekuli moja moja. Lakini hata wao wanaanza na kiasi, na kiasi hicho ni kazi ya Hansell.

Kwa vijana wetu wa kemia walioko kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, au kwenye taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, nina ombi moja. Delta ya Rufiji na mikoko ya Lamu humwaga kaboni iliyoyeyuka baharini kila maji yanapotoka, na vipimo vyake vinapaswa kuwekwa kwenye ramani ya dunia na watu wa hapa. Mkiandika bajeti ya mashine, andikeni humohumo bajeti ya maji ya rejea, na mchapishe majibu yake kando ya majibu yenu.